RX-8 ya binamu na hii "oili kula"

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni, tuzungumzie joto la oili.

Binamu yangu wa Wete ana Mazda RX-8 ya mwaka 2004, mtumba wa Japani, otomatiki, nyekundu kama pilipili. Msimu huu amepata fedha za karafuu akaziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba, maana harusi iko jirani. Sasa shetani wa magari kampitia: anataka kuzitoa fedha hizo aagize kutoka nje seti ya vipozea oili vikubwa. Mafundi wetu huviita "oili kula". Ami yangu, baba yake, aliposikia jina hilo akauliza: "Kumbe gari hii yala oili, na bado mwaitafutia mdomo mwengine?"

Tulicheka, lakini ami alisema kweli bila kujua.

Kwa wasioijua, injini ya RX-8 haina pistoni. Ndani yake mnazunguka rota mbili za pembetatu, wazo la Mjerumani Felix Wankel ambalo Mazda waliliingiza barabarani mwaka 1967 kwa gari la Cosmo Sport. Mwaka 1991 gari lao la 787B lenye injini ya namna hii likashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans. RX-8 yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 2003 na ikasimamishwa mwaka 2012. Injini ina sisi 1,308 tu, lakini za gia za mkono hupanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika.

Injini hii inakula oili kwa makusudi. Ipo pampu inayopeleka oili kidogo kidogo mahali petroli inapoungulia, ili sili za rota zisikwaruze. Oili nyingine inarushwa ndani ya rota zenyewe kuzipoza. Kwa hiyo oili hapa inafanya pia sehemu ya kazi ya rejeta, na kipozea chake si pambo. Oili ikichemka kupita kiasi inakuwa nyepesi, vyuma vinasagana, na injini ndiyo basi tena. Fundi wetu wa Chake Chake ni hodari wa Toyota na Vespa, lakini rota hajawahi kuzifungua.

Hofu ya binamu ina msingi basi. RX-8 za gia za mkono zilitoka kiwandani na vipozea viwili, kimoja kila upande ndani ya bampa, mbele ya matairi. Otomatiki za miaka ya mwanzo, kama yake, zilitoka na kimoja. Anajiona kapunjwa.

Nikamuuliza swali moja: "Oili yako inafika nyuzi ngapi?" Hajui. Si kosa lake, dashibodi inaonyesha joto la maji, la oili haionyeshi. Ina maana anataka kununua dawa ya homa ambayo hajaipima.

Halafu tuitazame Pemba yenyewe. Zile seti kubwa zinawafaa watu wa viwanja vya mashindano, wanaokanyaga mafuta mzunguko baada ya mzunguko bila kupumzika. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 67 hivi. Kutoka Wete hadi Chake unapunguza mwendo kwa ajili ya watoto wa skuli, ng'ombe, na msimu ukiwadia, majamvi ya karafuu pembezoni mwa lami. Safari nyingi za binamu ni za dukani na msikitini.

Na injini hii haipendi baridi pia. Ukiiwasha, ukasogea kidogo na kuizima kabla haijapata moto, plagi zinaweza kulowa petroli ikagoma kuwaka. Oili isiyopata moto nayo inabaki na petroli na unyevu. Vipozea vya Mazda vina vali ndani inayoipitisha oili pembeni mpaka ipate moto. Ukifunga kikubwa cha kuagiza bila thamostati, kwa safari za Wete mjini, umelipa fedha nyingi kuiumiza gari.

Jambo jengine ni upepo. Kipozea hupozwa na hewa inayopita katikati yake. Gari za mtumba nyingi zimeshagongwa bampa, zile njia za plastiki zinazoelekeza hewa zimevunjika au hazipo, na mapezi yamejaa vumbi. Hapo hata ufunge kikubwa kama mlango, hewa itapita pembeni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwake ulikuwa huu. Kwanza geji ya joto la oili. Pili, safisha kipozea kilichopo na urudishe njia za hewa. Tatu, kagua mabomba na maungio, hewa yetu ya chumvi inayala, na bomba likipasuka njiani injini haichukui muda kufa. Baada ya hapo, kama oili bado inavuka nyuzi 110 kwenye vilima vya kwenda Mkoani, tafuta kipozea cha pili cha Mazda, pamoja na mabomba na njia yake ya hewa. Ila kisitoke kwenye gari iliyokufa injini, maana unga wa chuma hubaki ndani yake na utahamia kwako.

Akanijibu: "Yakhe, wewe mtu wa magazeti, mambo ya oili wayajulia wapi?" Nikamwambia kwetu habari isiyo na tarakimu mhariri huirudisha. Na yeye arudi na tarakimu.

Mabati yameshanunuliwa. Geji iko njiani kutoka Dar. Sindano ikivuka 110, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kumsaidia kukitafuta hicho kipozea cha pili.

Alamsiki.