Miti ya kivuli iliyokatwa Kalehe, na mama aliyebaki na kahawa juani

Mama huyu alirudi kwenye kilima chake, juu ya Minova, akiwa na watoto watatu, godoro moja na sufuria mbili. Nyumba haikuwa tena na mlango. Hilo halikumshangaza, kwani wengi waliorudi walikuta vile vile. Kilichomshangaza ni mwanga. Aliingia katika shamba la kahawa saa tano ya asubuhi na jua likampiga kichwani. Grevilea zote ambazo marehemu mume wake alizipanda kati ya kahawa zilikuwa zimekatwa. Nyingine zilikwenda mbao, nyingine makala. Migomba ilikuwa imekwisha zamani, kwa ule ugonjwa wa mnyauko ulioonekana Masisi mwaka 2001 na baadaye ukashuka hadi Kalehe.

Hakuuliza nani alikata. Mtu aliyekimbia na watoto, akalala chini ya hema la shiti, anahitaji kuni jioni hiyo hiyo, na gunia la makala linapata mnunuzi kila siku. Kuwalaumu watu hao ni rahisi kwa yule ambaye hajawahi kupikia juu ya mawe matatu nyumba za wengine.

Kahawa yenyewe ilikuwa hai. Mvua ya Septemba ilipoanza, ilichanua kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana pale. Kufika Aprili matawi yalikuwa yameinama kwa uzito wa matunda. Majirani walimpongeza. Wengine walisema kwa kicheko kwamba waliokata miti walimsaidia. Alilipa minervali ya watoto wote watatu, akanunua mabati sita.

Mwaka uliofuata, matawi yalianza kukauka kutoka kwenye ncha. Majani yaligeuka manjano, mengine yakawa na madoa kama yameunguzwa kwa moto. Matunda machache yaliyobaki yalipotiwa ndani ya maji kwenye stasheni ya kuoshea kahawa, mengi yalielea, na kahawa inayoelea inatengwa pembeni. Mtu mmoja alisema shamba limerogwa. Mwingine alimuuzia dawa sokoni. Alipuliza, na pesa ya mabati mengine ikaishia hapo.

Ndipo alikumbuka maneno ya mzee wa Idjwi. Wakati wa kukimbia, yeye na watoto walivuka ziwa na kukaa kisiwani kule miezi mingi, akifanya kibarua katika mashamba ya watu. Idjwi inajua kahawa kwa uchungu: kwa miaka mingi wanaume walikuwa wanaivusha usiku kwa mtumbwi kwenda kuiuza Rwanda, na wengi walizama. Mzee aliyempa kazi alikuwa anampigia kelele kila mara alipokata tawi la mti wa kivuli bila kuuliza. Alimwambia, “Mama, kahawa ilizaliwa porini chini ya miti mikubwa. Ukiivua nguo itakuzalia kwa woga, kisha itakufa.”

Mzee hakusoma kilimo, lakini alisema kweli. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya milima ya Ethiopia. Jani lake halihitaji jua lote. Sehemu tu ya mwanga wa mchana inalitosha, na unaozidi unalichosha. Jua kali linaamsha maua mengi kwenye kila tawi. Maua yakishakuwa matunda, mti hauna namna ya kuyakataa. Unayalisha kwanza, hata kama majani hayatoshi, hata kama lazima uchukue akiba iliyo kwenye matawi na mizizi. Mavuno ya ule mwaka wa pongezi yalikuwa mkopo, na mti ndio ulikuja kulipa.

Chini ya kivuli matunda ni machache zaidi, lakini yanaiva polepole na punje inajaa. Udongo haukauki haraka mwezi wa Julai, na majani yanayoanguka yanaufunika na kuurutubisha. Kwenye miteremko ya Kalehe, ambako mvua moja inaweza kubeba udongo hadi ziwani, hilo si jambo dogo.

Lakini kivuli nacho kina kipimo chake. Kikizidi, kahawa inarefuka kutafuta mwanga na haizai. Unyevu unakaa, na yule mdudu antestia, anayeiachia kahawa ladha ya kiazi, anapenda vichaka vilivyofungamana. Karibu na ziwa, kwenye mita 1,460 hivi, kivuli kinahitajika zaidi. Juu kuelekea mita 2,000, ambako kuna baridi na mawingu, kinapunguzwa. Tena si kila mti unafaa. Mikaratusi inakua haraka na inauzika, lakini inainyang’anya kahawa maji.

Kwa hiyo mama alijua la kufanya. Shida ilikuwa shemeji yake. Shamba ni la kalinzi, urithi wa ukoo wa mume. Huko, anayepalilia anahesabiwa mfanyakazi, lakini anayepanda mti anahesabiwa mwenye ardhi. Mjane akipanda grevilea, ukoo unasikia neno lingine kabisa. Ni sheria ile ile inayowabana waliohamishwa: anayelima kwa bwasa anaruhusiwa maharagi, viazi na mihogo, lakini mti unaodumu haruhusiwi. Watu wanahubiriwa kupanda miti kila siku, na ni wachache wanaouliza nani ana ruhusa ya kuipanda.

Mama alipeleka neno kwa wazee wa kijiji kabla ya kuchimba shimo lolote. Kikao kilichukua siku mbili. Alisema kwamba hadai ardhi. Anarudisha miti ya marehemu, na itahesabiwa kwa jina la watoto wake. Shemeji hakukubali, hakukataa.

Mvua iliporudi, alikata nusu ya kahawa, sentimita 30 tu juu ya udongo, ili ichipuke upya. Nusu hiyo haitampa kitu kwa miaka miwili. Kati yake alipanda migomba iliyotoka shamba lisilo na ugonjwa, maana hiyo inatoa kivuli mapema, kisha grevilea kumi na mbili, ambazo zitahitaji miaka mitatu au minne. Milio ya silaha bado inasikika usiku mwingine upande wa milima, na godoro linakaa limefungwa kwa kamba karibu na mlango mpya.

Wiki iliyopita shemeji alipita shambani. Alihesabu miche kwa kidole, mmoja mmoja. Hakung’oa hata mmoja. Aliuliza tu ule wa mwisho, ulio karibu na mpaka, umepandwa lini.