Kuanzishiwa Uchungu: Nirudi Nyumbani au Nilale Wodini?



Somo wangu alinifunda mengi kabla ya harusi: udi, liwa, adabu za nyumba. Hili la leo hakulitaja. Nimelijua ugenini, Uingereza, nilipobeba mimba yangu ya kwanza.

Wiki ya 41 ilipita na uchungu haujaja. Mkunga akanieleza kuwa mimba ikizidi hapo, hatari kwa mtoto huanza kupanda, ingawa bado ni ndogo, hivyo ni vyema nianzishiwe. Akanipa hiari: nitiwe puto nirudi nyumbani kusubiri, au nilazwe.

Puto hilo liko kwenye ncha ya mrija mwembamba. Hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, likajazwa maji, likasukuma taratibu mpaka njia ianze kufunguka. Halina dawa, ndiyo maana hupendelewa kwa wanaorudi nyumbani. Dawa za kuanzisha uchungu zinaweza kuuleta kwa kasi mno, mtoto akachoka, kwa hiyo zinataka uangalizi zaidi.

Niliruhusiwa kwa kuwa mimba yangu haikuwa na tatizo: mtoto mmoja, kichwa chini, presha nzuri, sina mshono wa upasuaji. Mapigo ya moyo wa mtoto yakapimwa kabla sijaondoka.

Nikachagua nyumbani. Nilitaka kuoga kwangu, kuswali kwangu, kunywa uji wangu, bila kutafuta mtandio kila pazia likifunguliwa. Mama akahamaki kwenye simu kutoka Unguja: "Mwanangu, wanakufukuza hospitali?"

Saa nane za usiku nikahisi mtoto hachezi kama kawaida. Nikasema nisubiri alfajiri, mume wangu kachoka. Kisha nikaikumbuka karatasi ya mkunga: mtoto akipunguza kucheza, ukiona damu, chupa ikipasuka, ukipata homa au maumivu yasiyoachia, piga simu hapo hapo. Nikapiga. Dakika 15 baadaye tulikuwa hospitali. Moyo wake ulikuwa sawa, alhamdulillah. Wakanibakisha, na kesho yake magharibi nikampakata binti yangu.

Mwaka uliofuata wifi yangu wa Tumbatu naye akapitisha siku. Akanipigia: "Wifi, wewe ulirudi kwako. Na mie niwaombe?"

Nikamwambia hapana, wifi yangu. Mimi nilikuwa na gari mlangoni na simu inayopokelewa usiku kucha. Wewe baina yako na hospitali kuna bahari. Ukishikwa usiku, utamngoja mwenye boti?

Akalazwa mjini, dada yake akawa naye. Wodi hakuipenda, joto na kelele, lakini siku ya pili alijifungua salama.

Dada yangu, hasa wewe bibi harusi, siku ikifika muulize mkunga kama hali yako inaruhusu. Akisema ndiyo, kaa na mumeo mjiulize: likitokea jambo saa nane usiku, tutafika kwa dakika ngapi, kwa chombo gani, na nani atapokea simu? Majibu yakikosekana, lala wodini na wala usione umepungukiwa tawakkul. Ngamia hufungwa kwanza, kisha tukamtegemea Mola.

Allah awajaalie wajawazito wetu wote wajifungue kwa wepesi. Aamiin.