Tulipopima kasha kwa nje

Kijana wetu wa pili alipomaliza kidato cha nne na matokeo yake kuja hafifu, nyumba yetu iliingiwa na ukimya ambao hatukuuzoea. Alama ya Hisabati ndiyo iliyotuuma zaidi. Hatukumpiga wala hatukumtukana, lakini kila neno tulilomwambia katika miezi ile lilikuwa na mwiba ndani yake. Akitumwa dukani, mmoja wetu aliipokea chenji na kusema: "Hebu tuhesabu wenyewe, huyu hesabu zilimshinda." Tulidhani kwamba tunamwamsha.

Muda wake mwingi akawa anaupitisha kwa fundi redio wa mtaani. Siku moja, baada ya swala ya Isha, alitujia na ombi la kwanza tangu matokeo yatoke. Alitaka ruhusa ya kutengeneza sabufa kwa ajili ya kikundi cha kaswida cha madrasa, ili mdundo wa dufu usikike vyema kwenye hafla za watoto. Tunajua kuwa suala la dufu na vipaza sauti lina maoni mengi baina ya Waislamu, nasi hatuna nia ya kulifungua hapa. Ustadhi wa madrasa alikuwa ameridhia, nasi tukaridhia. Fedha za spika ya inchi 12 tulizitoa kwa shingo upande, tukaifuata Kariakoo.

Usiku ule kijana alitueleza jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Spika inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo huivuta hewa iliyo nyuma yake. Katika kasha lililozibwa pande zote, nguvu ile ya nyuma hupotea bure. Fundi akitoboa tundu na kutia bomba, hewa iliyomo bombani huwa kama uzito, na hewa iliyomo kashani huwa kama springi. Uzito na springi vikipatana, bomba nalo hutoa sauti ikaungana na ile ya spika. Ndiyo kanuni ya chupa ya soda inayovuma ukipuliza mdomoni pake. Mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, aliichunguza kanuni hii katika karne ya 19 kwa kutumia matufe matupu yenye shingo.

Kazi yote, alisema, imo katika kipimo cha bomba. Kasha likiwa kubwa, bomba huwa fupi. Kasha likiwa dogo, bomba huwa refu, kwa mlio uleule. Bomba jembamba nalo hutosha kwa urefu mdogo, lakini hewa hupita humo kwa kasi mno ikapiga mluzi. Yeye alitaka kasha lake livume kwenye mitetemo 35 kwa sekunde, kwa bomba la plastiki la inchi nne, ambalo upana wake wa ndani ni sentimita 10.

Kesho yake tukalipima kasha. Futi tulishika sisi. Mbao zilikuwa zimekwisha kuunganishwa, zenye unene wa milimita 18, na kasha lilikuwa na upana wa sentimita 50, urefu wa 45 na kina cha 40. Tukazidisha: lita 90 kamili. Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Baba, Mama, nadhani inapaswa kupimwa kwa ndani." Tukamkatiza kwa maneno yaleyale tuliyoyazoea: "Hesabu utatufundisha wewe?" Akainamisha kichwa. Kwa lita zetu 90, hesabu ilitoa bomba la sentimita 14. Akalikata, akalitia gundi, akafunga.

Jumamosi alasiri tukaliwasha. Besi ilikuwepo, tena nyingi, ila ilikuwa ya namna moja. Kila mpigo wa dufu uligeuka kishindo kilekile, kama mtu anayepiga ngoma ndani ya pipa. Tukaamua kwamba spika ni mbovu, tukaongeza sauti ili tuhakikishe.

Hazikupita dakika tano, mjukuu wa jirani yetu akasimama mlangoni. "Shikamooni. Bibi anauliza, mbona vyombo vyake kabatini vinatetemeka?"

Tulitazamana. Bibi yule alikuwa eda. Mumewe tulimzika wiki tatu nyuma, na sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza na waliopika msibani. Nyumba zetu zinagusana ukuta, na kasha tulikuwa tumeliweka pembeni kabisa, kwenye ukuta uleule. Tunayajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya haki ya jirani, na mara ngapi tumewasomea wanetu. Siku ile tuliyasahau kwa ajili ya sanduku la mbao.

Tukaenda kuomba radhi. Baba alibaki kibarazani, mama akaingia ndani. Bibi hakukasirika. Alisema tu kwamba alikuwa akisoma Yasin, kishindo kikampoteza, na hakujua tena alipofika. Hakuna lawama ambayo ingetuingia zaidi ya hiyo.

Tuliporudi, kijana alikuwa amelihamishia kasha katikati ya chumba na kupunguza sauti hadi ikawa kama mnong'ono. Alikuwa akitoa mlio mmoja mmoja kutoka kwenye simu, akiipandisha mitetemo polepole huku akiitazama spika. Alitueleza kwamba kwenye mlio wa kasha lenyewe, spika hutulia karibu isimame, kwa kuwa bomba ndilo linalofanya kazi. Alitaraji itulie kwenye 35. Ilitulia karibu na 41. Spika haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la kipimo.

Safari hii tulimwachia futi. Alitoa unene wa mbao kila upande, na lita 90 zetu zikashuka hadi 70. Kisha akatoa nafasi inayochukuliwa na mgongo wa spika, na bomba lenyewe, na vipande vya mbao vya kuimarisha pembe. Zikabaki 64. Hesabu mpya ilidai bomba la karibu sentimita 23, si 14. Na bomba lililokatwa fupi halirefuki: ilibidi tununue jingine. Akalikata kwa sentimita 25, akawa analipunguza kidogo kidogo huku akipima, akihakikisha kuwa ncha yake ya ndani haiukaribii ukuta wa nyuma wa kasha, hewa isije ikakosa njia. Kazi hii yote aliifanya kijana ambaye tulikuwa tukimwambia kila siku kuwa hesabu zilimshinda.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulijiuliza ni mara ngapi tumempima mtoto huyu kwa nje, kwa karatasi ya matokeo tu, bila ya kutazama kilichomo. Surat Al-Mutaffifin inawakemea wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunja wanapotoa, na sisi tulikuwa tukiisoma kana kwamba imewahusu wauza nafaka pekee. Kwa mwanetu tulidai heshima kamili, utii kamili na alama kamili. Naye tulimpa masikio nusu. Neno lake moja la kweli tulilikatiza, na gharama yake ikamfikia mjane asiyehusika.

Asubuhi, baada ya chai, tulimwita, tukamwambia wazi: "Mwanetu, ulisema kweli, sisi ndio tuliokosea. Tusamehe." Kwa wazazi wa malezi yetu, maneno haya ni mazito kuliko kulibeba lile kasha. Alinyamaza, macho yakamlenga machozi, kisha akasema, "Hamna neno, Baba. Hamna neno, Mama. Hata mimi mwanzoni nilikosea hivyohivyo kwa fundi."

Bomba jipya lilirekebisha mlio, lakini halikumaliza haki ya jirani, na ni vyema tuliseme hili kwa vijana wanaotengeneza vitu hivi majumbani. Wimbi la sauti ya mitetemo 35 lina urefu wa karibu mita 10, zaidi ya sebule yetu nzima, na ukuta wa tofali hauwezi kulizuia kama unavyozuia mazungumzo. Kasha likiwekwa kwenye pembe ya chumba, besi huzidi. Likisogezwa mbali na kuta, hupungua kiasi. Tiba iliyobaki ni adabu tu. Tukakubaliana kwamba halitawashwa tena nyumbani hadi miezi minne na siku kumi za Bibi zitimie, na majaribio yote yatafanyika kwenye uwanja wa madrasa, mchana, baada ya kuwauliza walio jirani.

Kasha sasa liko madrasa, na dufu linasikika kama dufu. Kijana anajiandaa kurudia mtihani wa Hisabati, na hatujui utakuwaje. Tunachokijua ni kwamba hesabu za sokoni nyumbani kwetu anafanya yeye, nasi tunasubiri amalize kusema ndipo tuseme yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika vipimo vyetu vyote, vya mizani na vya watoto wetu. Amin.