Mtani wa Daraja la Tatu

Mwaka 1978 nilichaguliwa kidato cha tano Tabora, nami nilikuwa sijawahi kuvuka Morogoro. Mama alinifungia korosho, nazi mbili na kuku mzima kikapuni, akaniusia nisimwonyeshe mtu.

Treni haijafika hata Pugu, mzee aliyekaa mkabala nami akauliza, "Kijana, kabila gani?" Mzaramo, nikamjibu, wa Kisarawe. Akanyanyuka, akakivuta kikapu changu, akamnyofoa kuku paja.

"Mtumwa wangu huyu!" akawatangazia abiria. "Wameuza Dar es Salaam nzima kwa sahani ya pilau, sasa wanatuletea kuku kuomba radhi!"

Behewa likaangua kicheko. Mimi machozi yalinilenga.

"Mjibu, mwanangu," alininong'oneza mama mmoja wa kwetu. "Mnyamwezi huyo. Mtani wako."

Watani niliwaona misibani, wakijilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe chochote. Nilidhani ni mambo ya wazee. Mama yule akanieleza kwamba Wanyamwezi walipita kwetu na misafara ya pembe za ndovu wakishuka pwani; tukapigana, tukapatana, na hadi leo hakuna wa kumnunia mwenzake.

Nikajikaza. "Babu, mzigo wa pembe umeutua wapi leo? Au Mwarabu kakufukuza kazi?"

Alicheka hadi akakohoa. Usiku ule nililala nimeegemea bega lake. Kesho yake, stesheni ya Saranda, akaninunulia kuku mwingine, kisha nusu akamla mwenyewe.

Wakubwa wakieleza kilichotuunganisha Watanzania hutaja Kiswahili, na kule kutupeleka shule za mbali. Sibishi, mimi mwenyewe nilipelekwa. Ila Kiswahili kilinifikisha kwenye lile swali tu. Kilichonipa bega la kulalia ni matusi.

Pale dirishani alikaa bwana mmoja na sanduku la bati. Mzee alimuuliza naye kabila. "Mrundi," akasema taratibu, "naishi Ulyankulu." Alikuwa mmoja wa waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Kicheko kikakatika. "Ooh, pole na safari, ndugu," mzee akasema, kwa adabu ambayo mimi sikuionja safari nzima. Mtu wa kumtania hakuwepo, wala wa kugusa chakula chake. Mwaka 2014, nilipoyasikia redioni majina ya makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kwamba wakimbizi wale zaidi ya 150,000 wamepewa uraia, nilimkumbuka yeye na sanduku lake.

Tabora tulishuka usiku, gari la shule halikuonekana. Mzee akanishika mkono hadi kwake. Mkewe akaninyanyulia kibatari usoni: "Ndiyo mtumwa gani mwembamba hivi umeniletea?" Akaenda kusonga ugali.

Yule bwana tulimwacha kituoni, amekalia sanduku, anasubiri kupambazuke apate lori. Tulipompita tulimwamkia vizuri sana.