Mgeni katika Chembe Nyeupe

Barabara itokayo katikati ya Nairobi kwenda magharibi hupita Westlands, Kangemi na Uthiru, ikaendelea upande wa Muguga. Wengi wa wapitao humo huona miti na nyua tu. Mimi hukumbuka kwamba huko ndiko ulikochunguzwa kwa miaka mingi ujanja wa ndigana kali, maradhi ya ng'ombe ambayo Wamaasai huyaita oltikana.

Maradhi haya huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye masikio ya ng'ombe. Kimelea chake huitwa Theileria parva. Kupe aumapo hana madhara makubwa siku ile ile, kwani kimelea huhitaji siku tatu au nne kukomaa katika tezi za mate yake. Kisha humiminwa mwilini, na kwa dakika chache huwa kimekwisha kuingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zilizowekwa kuwa askari wa mwili.

Naliona lifuatalo kuwa la kutisha kuliko mauti yenyewe. Mgeni huyo hamuui mwenyeji wake. Huuyeyusha utando uliomfunika alipoingia, akakaa huru ndani ya chembe, akaishurutisha izaliane bila kikomo. Chembe inapogawanyika, naye hujishikiza kwenye nyuzi ziigawazo, akagawanyika pamoja nayo. Hali hiyo yafanana sana na saratani ya damu. Viko virusi vya leukemia ya ng'ombe ambavyo navyo huvamia chembe nyeupe, lakini hivyo hujipachika katika urithi wa chembe wala havitoki tena. Mgeni wa ndigana akiuawa kwa dawa, chembe huacha wazimu wake.

Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown, wakifanya kazi Muguga, walieleza jinsi walivyozikuza chembe hizo nje ya mwili. Muguga pia ndiko ilikotoka chanjo: ng'ombe hupewa vimelea vilivyo hai na, siku ile ile, dawa ya kuvizuia. (Ni kumkaribisha mwizi mchana, walinzi wakiwa mlangoni.) Chanjo hiyo huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni, na aghalabu hufungwa kwa dozi za ng'ombe wengi pamoja. Mwenye ndama mmoja hana mtungi wala kundi. Hubaki kupapasa masikio ya ndama wake kila asubuhi, na matezi yaliyo chini yake. Yakivimba na homa ikapanda, siku alizo nazo ni chache.