Kiboko Hahesabu Mapigo: Mchezo wa Gofu Kando ya Maji

Mtu aliyezaliwa Mombasa, Tanga au Bagamoyo akifika kwa mara ya kwanza katika Bandari ya Bujumbura hupatwa na mshangao. Macho humwambia kwamba amefika baharini: mawimbi yapo, meli zipo, winchi zipo, na ng'ambo ya pili milima ya Kongo imesimama kama bara jingine. Lakini akichota maji kwa kiganja na kuyaonja, ulimi huyakanusha macho. Chumvi hakuna. Hilo ni Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina kifikacho mita 1,470, nalo limekaa juu ya usawa wa bahari kwa mita 770 hivi. Warundi hawana bahari, lakini pwani wanayo. Na aitaye ufuo wao pwani hatakuwa amekosea sana.

Bandari hiyo imezoea mizigo ya kila namna. Kahawa ya Burundi ilisafirishwa kwa miaka mingi kutoka hapo mpaka Kigoma, ikapakiwa katika garimoshi na kuelekea Dar es Salaam. Kutoka kusini, kwa njia ya Mpulungu katika Zambia, huja shehena za saruji na sukari. Hata hivyo, upo mzigo mmoja ambao ungemtatiza hata mchukuzi mkongwe, nao ni mkoba wa mcheza gofu.

Tuseme mgeni mmoja ameshuka melini, mkoba huo u begani. Askari wa langoni hana budi kuuliza.

"Hizi ni nini, mzee?"

"Ni fimbo za gofu, afande."

"Zote hizi? Kwani una ng'ombe wangapi?"

"Sina ng'ombe, afande. Nina mpira mmoja."

"Fimbo kumi na nne kwa mpira mmoja! Huo mpira umekukosea nini?"

Askari huyo hana kosa. Katika nchi ambayo fimbo moja yatosha kuchunga kundi zima, mtu mwenye fimbo kumi na nne na asiye na hata ndama anastahili kuhojiwa.

ASKARI WALIOKIMBIA SHABAHA

Gofu ni mchezo wa kuupiga mpira mdogo, usiozidi gramu 46, kutoka mahali palipowekwa alama hadi katika kishimo kilicho mbali, kwa mapigo machache iwezekanavyo. Kiwanja kamili kina vishimo 18. Kanuni humruhusu mchezaji fimbo zisizozidi 14, na njiani amewekewa vikwazo vya kumkomesha: mashimo ya mchanga, vidimbwi na vichaka. Mwenye kupiga mara chache ndiye mshindi. Ni mchezo wa ajabu, kwa kuwa katika michezo mingine ajitahidiye zaidi hupata zaidi, bali katika huu apigaye zaidi ndiye ashindwaye.

Wasomaji walio katika majeshi watapendezwa kujua kwamba mwaka 1457 Bunge la Uskoti, enzi za Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku mchezo huo. Sababu ilikuwa ya kijeshi. Vijana waliotakiwa kujifunza shabaha ya upinde na mshale walikuwa wakitoroka mazoezi na kwenda kupiga mipira. Amri hiyo haikudumu, na gofu ikaenea duniani. Mwezi Februari 1971 ilifika hata mwezini, pale Alan Shepard, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alipopiga mipira miwili huko. Mwezini hakuna majani, wala hakuna mnyama wa kumtisha mtu. Na bado pigo lake la kwanza lilichota vumbi kuliko mpira.

Lakini jambo kubwa katika gofu si fimbo wala mpira. Kwa kawaida hakuna mwamuzi amfuataye mchezaji kila hatua. Kila mtu huhesabu mapigo yake mwenyewe. Akiwa peke yake kichakani, hana shahidi ila dhamiri yake. Kwa hiyo dhambi kuu ya mchezo huo ni ndogo mno kwa umbo: kuusogeza mpira kwa mguu. Mkono huwapungia wenzake, macho hutazama mawingu, na mguu hufanya kazi yake kimya kimya. Mpira uliokuwa nyuma ya mti hujikuta mahali peupe, na mchezaji huwa wa kwanza kuistaajabia bahati yake.

KUTOKA LIKONI HADI LUGALO

Kabla mgeni yule hajaruhusiwa kupita langoni, yafaa kutazama pwani ya bahari, ambako viwanja vya gofu vina sifa ya siku nyingi. Mombasa kuna klabu iliyoanzishwa mwaka 1911, yenye vishimo tisa, juu ya ufuo upande wa Likoni, mahali meli zipitapo kuingia Kilindini. Mchezaji akikosea kidogo, mpira wake huenda Bahari ya Hindi, na hapana kedi, yaani kijana abebaye mkoba wa fimbo, atakayekubali kuufuata huko. Ukivuka daraja kwenda kaskazini upo uwanja wa Nyali wenye vishimo 18. Huko mipira hupotea kwa heshima zaidi, yaani katika majani.

Diani, kusini mwa Mombasa, kikwazo ni tumbili. Mnyama huyo hajui gofu, lakini anajua kwamba kitu cheupe na cha mviringo huenda kikawa yai. Hukiokota, hukiuma, hukitupa kwa hasira, na mchezaji hubaki akijiuliza ni kanuni ya ngapi ihusuyo meno. Vipingo, katika Kilifi, uwanja umetandikwa katika nchi iliyosifika kwa mashamba ya mkonge, na mwaka 2019 wanawake wa kulipwa kutoka nchi mbalimbali walishindana hapo katika mashindano ya ligi ya wanawake ya Ulaya. Wale waliodhani kwamba gofu ni mchezo wa wanaume wenye vitambi walisahihishwa hadharani.

Dar es Salaam nayo ina uwanja wa Gymkhana, karibu na bahari, mahali ambapo kunguru humkagua kila apitaye kana kwamba wao ndio wenye klabu. Lakini uwanja utakaowagusa wasomaji wengi zaidi ni wa Lugalo, wenye vishimo 18, ambao ni mali ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hapo historia imegeuka juu chini: askari wa Uskoti walikatazwa gofu ili wajifunze shabaha, na askari wa Lugalo huinoa shabaha yao kwa gofu.

SHERIA YA KIBOKO

Toka baharini twende ziwani, kwa maana huko ndiko gofu ilikokutana na mwalimu wake. Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, klabu ya Nyanza ilikuwa na kanuni ya kienyeji zama za ukoloni, nayo inatajwa hadi leo katika masimulizi ya gofu duniani. Kanuni hiyo ilisema kwamba mpira ukitua karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji aweza kuangusha mpira mwingine mahali pa salama, asiusogeze karibu na shimo, wala asihesabiwe pigo la adhabu. Jinja, penye chanzo cha Mto Nile, kanuni ilimruhusu mchezaji kuuinua mpira wake ukitumbukia katika alama ya unyayo wa kiboko.

Watu hucheka wasikiapo kanuni hizo, lakini zina hekima. Walioziandika hawakumwamuru kiboko ahame, wala hawakumpelekea barua. Walikiri kwamba mwenyeji ni yeye na kwamba wao ni wageni wenye fimbo. Kisha wakaweka mpaka: hapa ni pako, pale ni petu.

Bujumbura ina uwanja wake wa gofu, lakini ina pia viboko, tena wengi. Mchana hukaa majini, pua zikiwa juu. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, hupanda nchi kavu kula majani. Kiboko mkubwa hupita uzito wa tani moja na nusu, hula kilo zipatazo 40 za majani kwa usiku mmoja, na hukimbia kuliko mtu. Kwa upande mmoja ni mkata majani asiyedai mshahara wala posho ya zamu ya usiku. Kwa upande mwingine, Waswahili hawakukosea walipokipa kiboko cha ngozi jina lake: mwenye kuchapwa na cha mkononi hulia, bali mwenye kukutana na wa ziwani huenda asipate nafasi ya kulia. Na kaskazini, penye midomo ya Mto Rusizi, wako mamba. Mmoja wao aliyeitwa Gustave alipata sifa duniani kwa ukubwa wake, na filamu juu yake ikatengenezwa mwaka 2004. Hapo kanuni ya Kisumu si mzaha hata kidogo.

MITA MIA NA HAMSINI

Sasa laja jambo lisilochekesha. Burundi nayo iliandika kanuni yake ya mpaka. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika uwe akiba, usijengwe. Ni kanuni ileile ya kiboko: hapa ni pako, pale ni petu. Lakini kando ya ziwa, kama kichakani, dhamiri mara nyingi huwa shahidi pekee. Mmoja alisogeza ukuta mita kumi kwa sababu ya mandhari. Jirani yake akasogeza ishirini kwa sababu ya upepo mwanana. Wa tatu akaweka viti vyake majini kabisa. Mkono uliwapungia wenzake, macho yakatazama mawingu, na mguu ukafanya kazi yake.

Ziwa halikusema neno, lakini lilikuwa likihesabu. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi na lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Lukuga huko Kongo. Mvua zikizidi, maji hupanda, na yalikwisha kupanda zamani pia. Yalipanda sana kabla ya mwaka 1878, yakapanda tena katika miaka ya 1960. Mwaka 2020 Mto Rusizi ulifurika na kuyafukuza maelfu ya watu wa Gatumba majumbani mwao. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika mitaa ya ufuoni, na bandari nayo ikaonja. Mahoteli kadhaa ya ufuoni yalizingirwa na maji. Viboko, ambao hawajui kusoma ramani, walifuata maji yao hadi karibu na milango ya watu.

Hapo ndipo gofu na maisha huachana njia. Katika gofu, ausogezaye mpira hujidhulumu yeye na wenzake watatu, kisha wote huenda kunywa chai. Kando ya ziwa, mwenye ukuta mrefu huwa na nyumba ya pili mlimani. Anayelala chini ya hema ni mvuvi wa Gatumba, ambaye hakuwa na mandhari aliyoitafuta ila mahali pa kuanikia ndagala. Ni mama mwenye watoto watano, aliyejenga pale kwa sababu hapakuwa na pengine palipo karibu na riziki yake. Hawa hawakudanganya hesabu. Walikuta mchezo umekwisha kuharibika, na adhabu ikaandikwa katika karatasi yao.

Kwa hiyo yule askari wa langoni, aliyeuliza swali zuri kuhusu fimbo kumi na nne, ana swali jingine la kuuliza. Apitapo mtu na lori la saruji na mawe kuelekea ufuoni, ndani ya mita 150, naye apaswa kuhojiwa: "Hizi ni za nini, mzee?" Swali hilo likiulizwa mapema humwokoa mwenye lori, humwokoa mvuvi, na humwokoa hata kiboko. Na familia inayotafuta kiwanja cha kujenga nayo iulize mapema, ipime kwa kamba, isipime kwa macho. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wangeliishi Bujumbura wangeliongeza kwamba mjenga mbali halowi.

Tuseme basi mgeni yule ameruhusiwa. Jioni, baada ya kula mukeke wa kuchoma, ameona hawezi kulala bila kupiga mpira mmoja katika majani ya ufuoni. Anaupiga. Unaruka vizuri, unakwenda kushoto, na kutua hatua tatu kutoka kwa kiboko aliyetoka kutafuta chakula chake cha usiku. Mgeni anasimama. Anautazama mpira, kisha anamtazama mwenyeji. Halafu anarudi nyuma taratibu, hatua nyingi, anatoa mpira mwingine mfukoni na kuuangusha mahali pa salama, mbali zaidi na shimo. Anaandika mapigo yake yote bila kupunguza hata moja.

Kiboko anaendelea kula.