Kufuli la Lango na Moto wa Usiku

Hapa Mau Narok usiku una baridi ya kuuma mifupa, wala hakuna nyumba isiyotaka moto. Wengi wetu, makarani na vibarua wa mashamba ya ngano na viazi, twakaa katika vyumba vya kupanga. Ploti yetu ni safu mbili za vyumba vya mbao na mabati, ua mwembamba katikati, na lango moja la chuma upande wa barabara. Mwisho wa ua ni choo, na nyuma ya choo ni ukuta. Madirisha yote yana nondo.

Mchana ua huo hupitika vizuri. Usiku huingizwa pikipiki tatu zenye petroli, na wakati wa mavuno magunia ya viazi hupangwa humo yakingoja lori. Saa nne msimamizi hulifunga lango kwa kufuli, na ufunguo hulala kwake.

Mwezi wa Julai mshumaa ulianguka juu ya godoro katika chumba cha jirani yangu. Tuliuzima moto kwa ndoo za maji, wala hakuna aliyeumia. Lakini akina mama waliokimbilia langoni na watoto migongoni walilikuta limefungwa, na msimamizi alikuwa amekwenda matangani, ufunguo mfukoni mwake. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko moto wenyewe. Godoro la sponji likishika hujaza chumba moshi wa sumu kabla mtu hajapata viatu vyake, na gari la zimamoto likitoka Nakuru mjini lina mlima wote wa kupanda kupitia Njoro.

Nchi yetu yaijua habari hii kwa machozi. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa kwa moto wa bweni. Moto uliwashwa makusudi, lakini mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla ya hapo, Machi 1998, wasichana zaidi ya 20 walikufa vivyo hivyo katika shule ya Bombolulu, huko Pwani. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kanuni za usalama: bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Ni kanuni njema. Lakini mwanafunzi huyo huyo akirudi kwao likizoni hulala nyuma ya nondo, na mkaguzi wa shule habishi hodi katika ploti.

Mwenye nyumba wetu, nilipomwendea, hakunifukuza. Alisema, "Karani, wewe waogopa moto uliouona mara moja. Wapangaji wangu waogopa wezi kila usiku." Hakusema uongo. Aliyekuwa katika sehemu hizi za Njoro na Molo wakati wa machafuko ya mwaka wa 2008 hawezi kumcheka mtu apendaye lango zito. Hata wapangaji wenzangu walikataa kila mmoja apewe ufunguo, wakisema funguo kumi ni wezi kumi.

Baada ya mashauri ya majuma mawili tulikubaliana kwamba kufuli liondolewe, liwekwe komeo la ndani lifunguliwalo kwa mkono, na bamba la chuma lichomelewe mbele yake ili mkono wa mtu wa nje usilifikie. Fundi wa sokoni alimaliza kazi kabla ya adhuhuri.

Kwa madirisha, mwenye nyumba hakukubali kutoa hata senti. Langu nimelilipia mwenyewe: nondo zimetiwa bawaba, na pini iko ndani. Binti yangu wa miaka minane hulifungua gizani; nimemjaribu mara tatu. Lakini mjane akaaye chumba cha mwisho, karibu na choo, ana watoto wanne na hana fedha za bawaba. Njia yake ya kufika langoni ni ile ile ipitayo kati ya pikipiki na magunia. Viazi vimeanza kuchimbwa. Jana jioni nilihesabu magunia 14.